Nani Anawasha Moto? Kusoma Wintering Wakati wa Njaanuari

Kuna kitabu ambacho kimezunguka kwa simu za watu wa rika langu hapa Nairobi jinsi kanda za muziki zilivyokuwa zikizunguka mtaani zamani, mkono hadi mkono, bila mtu kukumbuka nani alikinunua. Kinaitwa Wintering. Mwandishi ni Mwingereza, Katherine May, na kilitoka 2020, mwaka ambao dunia nzima ilifungiwa ndani. Mimi nimetumiwa na watu watatu tofauti. Wote walikuwa na ujumbe uleule: soma hiki, utajielewa. Wa tatu aliongeza, "Uko tu kwa winter yako, mtu wangu. Itapita."

Ujumbe huo uliingia Januari. Jua lilikuwa linapasua mabati, mifereji ya ploti ilikuwa imekauka siku ya nne, na mimi nilikuwa nimesota vile Mkenya yeyote anavyosota mwezi huo. Nikajiuliza, winter gani tena?

Niseme mapema kwamba kitabu chenyewe si kibaya. Watu wengi wanaokisifu hawajakisoma, wamesoma tu nukuu zake zilizopambwa na picha ya kikombe cha kahawa, na kwa hivyo wanakidhulumu. Kitabu kinaanza Septemba, karibu na siku ambayo May anatimiza miaka 40. Mumewe anaugua kibole, anapelekwa hospitali, na kibole kinapasuka akiwa huko huko kitandani akisubiri. Katika kipindi hicho hicho May anaiacha kazi yake ya kufundisha chuo kikuu, mwili wake mwenyewe unaanza kugoma, na mtoto wao wa miaka sita anashindwa kabisa kwenda shule kwa hofu. Halafu kitabu kinatembea mwezi baada ya mwezi, Oktoba, Novemba, Disemba, hadi Machi, na kila mwezi anatafuta mahali au kiumbe cha kumfundisha namna ya kuishi na baridi. Anaenda kuoga maji moto ya ardhini Aisilandi. Anakumbuka safari yake ya Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kuona taa za angani. Anaenda Stonehenge watu wanapokusanyika kungoja jua la siku fupi kuliko zote. Anaingia bahari ya Whitstable, mji anaoishi, maji yakiwa baridi ya kukata pumzi, na anarudi tena kesho yake.

Sehemu ninazozipenda zaidi ni zile ambazo anaacha kujisemea na kuangalia. Kuna mnyama mdogo anaitwa dormouse, wa ukubwa wa kidole gumba hivi, ambaye hula hadi ananenepa kisha analala miezi mingi, joto la mwili likishuka, moyo ukipiga polepole sana. Kuna miti pia. Nilikuwa nimedhani mti ukipukutisha majani unakuwa umekata tamaa, unangoja miujiza ya Aprili. Kumbe machipukizi ya mwaka ujao yako pale tayari, yamefungwa kwa magamba madogo, kabla hata jani la mwisho halijaanguka. Mti hauhitaji kuamua kuanza upya, kwa sababu uliandaa kila kitu ukiwa bado na majani. Hapo nikafunga simu nikakaa kidogo. Maandishi yanayokufanya uangalie mti wa jirani kwa macho mengine yamefanya kazi yake.

Shida yangu inaanza pale kitabu kinapotoka kwa mti kwenda kwa mtu. May anachukua neno la majira na kuligeuza kitenzi cha maisha: mtu naye hupitia majira yake ya baridi, na akiwa humo asipigane nayo, apumzike, ajifunike, asubiri. Ni wazo zuri, na ndilo lililofika kwetu. Lililobaki Uingereza ni zile hesabu zinazolifanya wazo hilo liwezekane.

Tuanze na lugha, maana nimejaribu kulitafsiri lile jina la kitabu na likanishinda. Shuleni tulikariri majira manne: masika, kiangazi, vuli, kipupwe. Mtu fulani alipoona yako manne na ya Wazungu yako manne, akaona basi, tumeelewana. Ndivyo vuli ikawekwa mahali pa majira ya majani kuanguka, na kipupwe kikapewa kubeba theluji. Ukifungua kamusi nyingi utazikuta zimekaa hivyo, upande huu na upande ule, kama jedwali la kubadilisha fedha. Lakini vuli ni mvua! Ni mvua za kuanzia Oktoba hadi Disemba, na ukienda Kitui au Machakos utaambiwa ndizo mvua za kutegemewa kuliko zile za masika. Wakati mti wa Uingereza unavua nguo, mkulima wa Ukambani ana jembe mkononi anapanda mahindi na kunde. Nacho kipupwe cha Pwani ni ule upepo mtulivu wa Juni na Julai ambao unamwezesha mtu wa Mombasa hatimaye kujifunika shuka. Watu hukisubiri kwa hamu. Ukiniambia niko kwa kipupwe changu, na mimi ni mtu wa Pwani, nitakushukuru.

Hata theluji yenyewe ni neno la Kiarabu, lilikuja na jahazi.

Sasa niambie, mwenzetu wa Nairobi anaposema yuko kwa winter yake, anaizungumzia hali ya hewa gani? Baridi tunayo, si kwamba hatuna. Julai hapa anga inafunga wiki nzima kama kifuniko cha sufuria, usiku unashuka karibu nyuzi 10, na hakuna nyumba iliyojengwa kuikabili kwa sababu mwenye ploti aliambiwa tuko ikweta. Lakini Julai si mwezi wa dhiki. Mwezi wa dhiki una jina lake, na jina hilo halikutoka kwenye kitabu cha mtu yeyote: Njaanuari. Pesa zimeisha Krismasi, ada za shule zinadaiwa zote kwa pamoja, kodi ya nyumba haijui kwamba kulikuwa na sikukuu. Na nje kuna jua la ajabu. Huo ndio wakati ambao hata mama mboga anakata deni, na huwezi kumlaumu. Yaani baridi yetu ya mfukoni hufika mwezi wenye joto kuliko karibu yote.

Na si mfukoni tu. Waulize wanaolima chai. Sakitu, ule umande unaoganda alfajiri na kuunguza majani, kwa kawaida haiji Julai kwenye mawingu. Inakuja Januari na Februari, anga ikiwa safi, kwa sababu usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lote ililokusanya mchana. Mapema 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai huko Bonde la Ufa katikati ya kiangazi. Mkulima analala akiwa amevua shati kwa joto la jioni, anaamka na kukuta majani yamekuwa rangi ya kahawia kana kwamba mtu alipitisha moto. Hiyo ndiyo picha ambayo ningempa mwandishi wa kwetu anayetaka kusema kuhusu maisha yanavyoganda. Inakuja chini ya anga nzuri kabisa, na haimwambii mtu ajiandae.

Majira ya baridi ya Uingereza yana kalenda. Hilo ndilo jambo ambalo May hahitaji kulisema, na ndilo linalobeba kitabu chake chote. Anajua Disemba inakuja, kwa hivyo Oktoba anatengeneza achari na jemu. Anajua siku fupi kuliko zote ni tarehe gani, na kwamba baada yake mwanga unarudi kidogo kidogo. Ukijua mwisho uko Machi unaweza kupumzika Januari. Ukiwa hujui, kupumzika kunafanana sana na kuzama.

Najua ninachosema kwa sababu mimi niko kwa fomu. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, ada iliponishinda, afisa aliyenihudumia aliandika kwenye karatasi kwamba nimeahirisha masomo. Neno zuri, lina matumaini. Huu ni mwaka wa tano naahirisha. Tangu hapo nimekuwa naandika kwa kulipwa kwa makala, na mtu wa kulipwa kwa makala ana majira yake ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote: majira ya kutuma ankara, majira ya kuulizia ankara kwa adabu, majira ya kuambiwa mfumo wa malipo unafanyiwa ukarabati. Kuna tovuti moja ilinikalisha kwa ankara ya Septemba hadi Machi. Miezi ileile ya kitabu, ukihesabu. Mtu aniambie nipumzike hapo katikati, nijifunike blanketi, nisikilize mwili. Mwili ulikuwa unasema una njaa.

Rafiki yangu aliyenitumia kitabu mara ya kwanza hakubaliani na mimi, na nimeona si haki kuandika haya bila kuweka upande wake. Yeye alikuwa anafanya kazi ya kujibu simu za wateja usiku, kampuni ya nje, saa za nje. Alifika mahali akawa hawezi kutoka kitandani. Nyumbani kwao walimwita mvivu, kanisani wakamwambia huu ni msimu wake wa kujaribiwa na kwamba msimu wa kuinuliwa uko mlangoni. Anasema kitabu cha May ndicho sauti ya kwanza ambayo haikumwambia ainuke. "Wewe unasoma kama mhasibu," aliniambia. "Mimi nilihitaji tu mtu aniambie kulala si dhambi." Sina jibu la kuishinda hiyo. Ukitazama vizuri, May na lile kanisa wanatumia neno lilelile, msimu, lakini kanisa linalitumia kama kiboko na May analitumia kama blanketi. Ukinilazimisha kuchagua, nachukua blanketi.

Ila nilimuuliza rafiki yangu: miezi hiyo uliyolala, nani alilipa kodi? Akanyamaza, kisha akasema, dada yangu. Dada huyo hafanyi kazi ya ofisi. Anauza nguo za mitumba Gikomba, anaamka giza.

Ndipo nikarudi kwa shairi ambalo kwa maoni yangu linajua kuhusu majira ya baridi kitu ambacho Wintering, na kurasa zake zote, halikijui. Ni la Robert Hayden, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Detroit mwaka 1913 na kulelewa na wazazi wa kambo katika mtaa wa watu weusi ulioitwa Paradise Valley. Shairi linaitwa "Those Winter Sundays", lilitoka kwenye kitabu chake cha 1962, na lina mistari 14 tu. Hayden baadaye akawa mweusi wa kwanza kushika nafasi ya mshauri wa ushairi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, 1976 hadi 1978, lakini kama umemsikia popote, umemsikia kwa sababu ya mistari hii.

Linachosimulia ni kidogo sana. Ni Jumapili, na hata Jumapili baba anaamka kabla ya wote. Anavaa kwenye baridi ya giza, mikono imepasuka kwa kazi za wiki nzima, anachochea moto. Nyumba ikishapata joto anawaita wengine. Mtoto anainuka polepole, anaogopa hasira zilizojaa ndani ya nyumba ile, anamjibu baba kwa ubaridi. Baba amempigia viatu rangi pia. Hakuna aliyemshukuru. Mtoto huyo, sasa ni mtu mzima, anajiuliza alijua nini enzi hizo. Basi, ni hayo tu.

Angalia Hayden anaiweka baridi wapi. May anaingia baridini kama mtu anayeingia baharini, kwa hiari, na akitoka kuna taulo. Kwa Hayden baridi ni kitu ambacho mtu mmoja anasimama mbele yake ili wengine wasikutane nacho. Mtoto haijui baridi kwa ngozi, anaisikia tu kwa masikio, anapoamka na kusikia ikivunjika. Yeye ndiye dormouse wa May, amejikunja kwenye joto. Tofauti ni kwamba shairi linamgeuza shingo amwangalie aliyelileta hilo joto, na kinachomsubiri huko si furaha. Baba si mpole. Kuna hasira humo ndani ambazo Hayden hazifafanui, na namshukuru kwa hilo, maana mwandishi mwingine angempaka baba asali ili tumpende. Hapa moto na hasira vinatoka kwa mtu mmoja, asubuhi moja.

Detroit ya Januari maji yanaganda nje ya dirisha, hiyo ni baridi ambayo mimi sijawahi kuishika. Lakini yule baba namjua. Mama yangu huwasha jiko saa kumi za usiku, Julai na Januari sawa, kwa sababu mandazi lazima yawe stejini kabla ya matatu za kwanza kujaa. Jiko analiwashia nje, hata mvua ikinyesha analiwasha chini ya mabati ya jirani, kwa sababu kila mwaka msimu wa baridi ukifika tunasikia watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa wakaamka wakiwa wamekufa, au tuseme hawakuamka. Moshi usioonekana. Huo nao ni upande wa joto ambao vitabu vya kupumzika havina haja ya kuugusa, kwa kuwa huko joto hutoka ukutani kwa bomba. Nikiwa mdogo niliingizwa ndani jiko likishakuwa jekundu na moshi umeisha. Nilidhani jiko huwa jekundu lenyewe.

Kama tunataka picha ya majira ya kwetu, naona Pwani ilishatuandalia moja, na haina theluji hata chembe. Msimu ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ni wakati uliowekwa kwa jambo fulani, na Wareno na Waingereza waliligeuza wakapata jina la zile pepo za bahari ya Hindi. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hivi hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Aprili, na kwa karne nyingi jahazi zilikuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa upepo mmoja na kurudi Omani na Ghuba kwa mwingine. Nahodha aliyechelewa kusi alibaki hadi msimu mwingine. Hakuambiwa ajitafakari. Alitengeneza tanga, akaziba mapengo ya jahazi kwa pamba na mafuta, akauza, akadaiwa, wengine wakaoa. Kusubiri ilikuwa kazi yenye vifaa. Hata hapo lakini, siwezi kujizuia kuuliza: mabaharia wote hao walikula kwa nani miezi hiyo? Kuna mwanamke wa Mombasa hayumo kwenye hadithi za jahazi ambaye alikuwa anachuja tui.

Kwa hivyo sitaki kubadilisha sitiari ya May na yetu halafu nijipigie makofi. Ninachotaka kutoka kwa mhakiki, na kutoka kwa mwandishi wa kwetu atakayeandika kitabu chetu cha kupumzika (kitaandikwa, niamini, na kitauzwa), ni kwamba mtu akilala kwenye ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili uonyeshe nani yuko macho. May anaandika kuhusu mumewe, mtoto wake, hata nyuki. Anaandika vizuri kuhusu mwili wake unaouma. Lakini mapumziko yenyewe yanatokea tu, kama machipukizi kwenye ule mti.

Hilo shairi la Hayden nimejaribu kulitafsiri mara kadhaa, si la kuchapisha, nilitaka tu kumsomea Mama. Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko nilivyodhani. Alfajiri, mikono, kuni, yote Kiswahili kinayo na hakihitaji kuazima. Kichwa nilikiita "Zile Jumapili za Baridi" nikakwepa kipupwe kabisa. Mama alisikiliza akipepeta unga, akauliza swali moja, kama yule mtoto alikula kabla ya kwenda kanisani, kwa sababu shairi halisemi. Kweli halisemi.

Kilichonishinda ni neno la mwisho kabisa. Kiingereza chake kina maana mbili zilizolala pamoja: wajibu wa mtu, na zile sala za saa maalum ambazo watawa husali hata kama hakuna anayewasikia. Nilijaribu "ibada", baba akawa mchungaji. Nilijaribu "huduma", ambalo kwa maana ndilo lililo karibu zaidi, lakini Mkenya ukimwambia huduma anaona foleni na kitambulisho. "Wajibu" linasikika kama mtihani wa uraia. Sai nimeweka "zamu". Lina usiku ndani yake, lina mtu anayekaa macho wengine wakilala, na ndilo neno Mama hutumia akiniambia nikawashe jiko siku ambazo magoti yanamsumbua. Sala haimo, bado naitafuta.